Kimeng'enya cha Kijidudu cha Kifua Kikuu na Fundisho Lake kwa Watunga Istilahi

1. Utangulizi

Miongoni mwa makosa yanayompata mfasiri wa maandishi ya sayansi, lililo zito kuliko yote si lile la kukosa neno. Mwenye kukosa neno hujijua. Naye hutafuta, huuliza au hukopa. Kosa zito ni la kuwa na neno lililo tayari, linaloeleweka na kila mtu, ilhali linasema jambo lisilo la kweli. Mwandishi wa makala haya amewahi kulitenda kosa hilo. Alipokuwa akitafsiri kijitabu cha maelezo kwa wagonjwa wa kifua kikuu, alifika mahali palipoelezwa kwamba mgonjwa akikatiza matibabu huenda dawa isimfae tena. Akaandika, bila kusita, kwamba "mwili huizoea dawa". Wasomaji wengi waliupitia ukurasa ule bila neno. Muuguzi mmoja tu ndiye aliyeuliza: "Aliyeizoea dawa ni nani, mgonjwa au kijidudu?"

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Historia yenyewe ni ya kitu kidogo mno, yaani kimeng'enya kimoja cha kijidudu cha kifua kikuu, ambacho wanasayansi hukiita KatG. Tutatazama jinsi kilivyopata majina kabla ya kujulikana, jinsi umbo lake lilivyoonekana hatimaye katika fuwele, na jinsi badiliko dogo ndani yake linavyoweza kuiondolea dawa nguvu. Kisha tutarejea kwenye istilahi zetu, tuzipime kwa mizani ya ujuzi huo.

2. Majina yaliyotangulia ujuzi

Mwaka 1818 mkemia wa Kifaransa Louis Jacques Thénard aliigundua peroksaidi ya haidrojeni. Hiki ni kiowevu kinachofanana na maji, ila kila molekuli yake ina atomi moja zaidi ya oksijeni. Thénard alitambua pia kwamba kiowevu hicho huvunjika kikikutana na tishu za wanyama. Jambo hilo halihitaji maabara: anayeoshwa kidonda kwa dawa ya namna hiyo huona povu likichemka juu ya damu. Povu hilo ni oksijeni inayotoka, na kinachobaki ni maji.

Kitu kilichomo katika viumbe hai kinacholeta mvunjiko huo kilipewa jina la katalasi na Oscar Loew mwaka 1900. Miaka miwili kabla yake, Georges Linossier alikuwa ametumia jina la peroksidasi kwa kitu kingine, ambacho huichukua nguvu ya peroksaidi na kuitumia kubadilisha vitu vingine, bila kutoa povu. Yafaa ieleweke kwamba waliotoa majina hayo hawakujua vitu hivyo vimeumbwaje. Walichokijua ni kazi tu. Walifanya kama mtu asikiaye mlio wa nyundo nyuma ya ukuta, akasema, "Kule kuna fundi," pasipo kumwona.

Jina la jumla la vitu vya aina hii lilikuwa limekwisha kutungwa mwaka 1877 na Mjerumani Wilhelm Kühne. Yeye aliunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu", kwa kuwa katika zama zake chachu ya pombe na mkate ndiyo iliyokuwa mfano unaofahamika zaidi. Kiswahili hakikuifuata chachu ya Wagiriki. Kilikwenda tumboni, kikachukua kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula hadi kiwe laini, kikakipa kiambishi cha ki-, tukapata kimeng'enya. Ni jina lililotungwa kwa akili, maana mwanafunzi hukutana na vitu hivi kwanza katika somo la usagaji wa chakula. Hata hivyo, kama tutakavyoona, tumbo si mahali pekee pa vimeng'enya, wala kuvunja si kazi yao pekee.

3. Dawa iliyolala miaka arobaini

Kijidudu chenyewe, ambacho jina lake la kitaalamu ni Mycobacterium tuberculosis, kilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Dawa ya kukiua ilichelewa sana. Mwaka 1912, Hans Meyer na Josef Mally walitengeneza mjini Prague kemikali ambayo leo huitwa isoniazidi. Walikuwa wakifanya utafiti wa kemia tu, wala hawakuwa na habari kwamba mikononi mwao mna dawa. Kemikali hiyo ikakaa katika vitabu kwa miaka arobaini. Ilipofika mwaka 1952, makampuni matatu, mawili katika Marekani na moja katika Ujerumani, yakatangaza kwa wakati mmoja kwamba isoniazidi hukiua kijidudu cha kifua kikuu kwa kiasi kidogo sana. Katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa walirudiwa na hamu ya chakula na nguvu za miguu.

Furaha hiyo haikupita bila doa. Mara moja vikaonekana vijidudu visivyouawa na dawa hiyo. Gardner Middlebrook wa Marekani alivichunguza, na mwaka 1954 akaeleza jambo la ajabu: vingi vya vijidudu hivyo sugu, vikitiwa peroksaidi ya haidrojeni, havikutoa povu. Vilikuwa vimepoteza katalasi. Yeye na mwenzake walikuwa wamekwisha kuona kwamba baadhi ya vijidudu sugu vilipungukiwa na uwezo wa kuwadhuru wanyama wa maabara. Yaani kupona kwao kulikuwa na gharama.

Hapo palikuwa na fumbo. Tungetazamia kwamba kijidudu kinachoishinda dawa kimepata silaha mpya. Hiki kilikuwa kimepoteza kitu. Inakuwaje kupungukiwa kukawa ndiko kuokoka? Jibu lilichukua miaka 38.

Katika muda huo dawa iliendelea kutumika, na Afrika ya Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika kuijaribu. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya kwanza ya utafiti uliofanywa kwa ushirikiano na Uingereza, ambapo wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia walitibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa muda wa miezi 6 badala ya miezi 18. Isoniazidi ilikuwamo katika kila mchanganyiko. Utafiti huo na mingine iliyoufuata ndiyo msingi wa matibabu ya miezi 6 yaliyoenea duniani. Basi kisa hiki si cha maabara za mbali tu.

4. Mlinzi amfunguliaye adui mlango

Mwaka 1992 Ying Zhang na wenziwe, waliofanya kazi London na Paris, walitoa jibu. Waliipata jeni ya kijidudu inayotengeneza katalasi hiyo, nayo ni ile iitwayo katG. Katika vijidudu sugu vilivyotoka kwa wagonjwa wawili, jeni hiyo haikuwapo kabisa. Tena walipoitia jeni hiyo katika bakteria jamaa aliyekuwa sugu, bakteria huyo akarudi kuwa dhaifu mbele ya dawa.

Maana yake ni hii. Isoniazidi, kama imezwavyo na mgonjwa, haiui kitu. Huingia ndani ya kijidudu ikiwa imelala. KatG, katika kufanya kazi yake ya peroksidasi, huishika na kuibadilisha, ikawa kipande chenye ukali. Kipande hicho hujiunga na molekuli nyingine iliyomo ndani ya kijidudu, na muungano huo huziba kimeng'enya cha pili kiitwacho InhA. InhA kilitambuliwa mwaka 1994, na mwaka 1998 muungano huo ulionekana ndani yake katika fuwele. Kazi yake ni kusaidia kuunda asidi ndefu za nta ambazo ni sehemu ya ukuta wa kijidudu. Ukuta usipojengwa, kijidudu hufa.

Hivyo kijidudu hujiua kwa mkono wake mwenyewe. Seli za mwili zinazomeza vijidudu huvirushia peroksaidi na kemikali jamaa zake. KatG ni mlinzi anayeizima peroksaidi hiyo isimdhuru bwana wake. Mlinzi huyohuyo ndiye anayemfungulia isoniazidi mlango. Kijidudu kilichompoteza mlinzi hakifi kwa dawa, lakini hubaki kimepungukiwa na ulinzi. Fumbo la Middlebrook lilikuwa limefumbuliwa.

5. Fuwele na kuonekana kwa umbo

Kujua kazi si kuona umbo. Kimeng'enya ni kidogo mno kiasi kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kukionyesha. Njia iliyofungua macho ya wataalamu ilitokana na ugunduzi wa Max von Laue wa mwaka 1912, kwamba miali ya eksirei ikipita katika fuwele hutawanyika kwa mpango maalumu. Fuwele ni kitu kigumu ambacho molekuli zake zimejipanga safu kwa safu bila kubadilika, kama ilivyo katika chumvi na sukari. Kwa kupima madoa ya miali iliyotawanyika, na kwa hesabu nyingi, mtaalamu huweza kurudi nyuma na kujua mahali pa kila atomi.

Kwa muda mrefu wengi walishuku kama vimeng'enya vingeweza kuwa fuwele. James Sumner wa Marekani aliondoa shaka hiyo mwaka 1926 kwa kimeng'enya cha maharagwe, na mwaka 1937 yeye na Alexander Dounce wakapata fuwele za katalasi ya ini la ng'ombe. Ama kuona umbo la protini hadi ndani, sifa ya kwanza ilikwenda kwa John Kendrew na Max Perutz, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Kendrew alichunguza protini ya misuli inayohifadhi oksijeni, na Perutz hemoglobini ya damu. Zote mbili zina hemu.

Hemu ni nini? Ni kibamba cha atomi zilizojipanga kwa mduara, na katikati yake mna atomi moja ya chuma. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Lakini hemu hiyohiyo hufanya kazi mbalimbali, kutegemea nyumba iliyowekwa. Katika hemoglobini huibeba oksijeni na kuitua salama bila kuibadilisha. Katika KatG huipasua peroksaidi. Chuma ni kilekile. Kilichotofautiana ni majirani wanaokizunguka. Ndiyo sababu mtu hawezi kukijua kimeng'enya cha hemu kwa kuijua hemu peke yake.

Katalasi-peroksidasi ya kwanza kuonekana umbo lake ilikuwa ya kijidudu kinachoishi katika chumvi nyingi, Haloarcula marismortui, ambacho jina lake linatokana na Bahari ya Chumvi. Hiyo ilikuwa mwaka 2002. Zamu ya kijidudu cha kifua kikuu ikafika mwaka 2004, Thomas Bertrand na wenziwe walipochapisha umbo la KatG kwa uangavu wa angstromu 2.4. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita.

Walichokiona ni hiki. KatG ni mnyororo wa asidi amino 740, na minyororo miwili hushikana kama pacha ndipo kazi ifanyike. Kila mnyororo una sehemu mbili zinazofanana kwa umbo, dalili kwamba zamani jeni moja ilijirudufu. Sehemu moja tu ndiyo yenye hemu. Hemu yenyewe imezikwa ndani, na chuma chake kimeshikwa kwa upande mmoja na asidi amino ya histidini. Kwa upande wa pili mna nafasi ndogo ambamo peroksaidi huingia, nayo hufikiwa kwa ujia mwembamba utokao nje.

Karibu na hemu palionekana jambo lisilopatikana katika katalasi za kawaida. Asidi amino tatu, yaani triptofani ya 107, tirosini ya 229 na methionini ya 255, zilikuwa zimeunganishwa ubavu kwa ubavu kwa vifungo imara, kana kwamba zimechomewa pamoja. Majaribio yameonyesha kwamba kifungo hicho kikiondolewa, kazi ya katalasi hupotea, ilhali ile ya peroksidasi hubaki. Hapo kitendawili cha majina mawili kikapata maelezo. Loew na Linossier walikuwa wametaja kazi mbili. Hapa palikuwa na fundi mmoja anayezifanya zote mbili kwa chuma kimoja, na kifungo kile kitatu ndicho kinachomwezesha kuwa katalasi.

6. Atomi tatu

Tunafika sasa penye kiini cha makala haya. Kijidudu kilichopoteza KatG yote huokoka na dawa lakini hudhoofika. Je, hakuna njia ya kuokoka bila hasara hiyo? Ipo, nayo ndiyo inayoonekana zaidi miongoni mwa vijidudu vinavyoishinda isoniazidi. Katika asidi amino ya 315, mahali pa serini hukaa threonini. Tofauti ya hizo mbili ni atomi tatu, yaani kaboni moja na haidrojeni mbili, katika molekuli yenye maelfu ya atomi.

Umbo lililoonekana mwaka 2004 linaeleza jinsi uchache huo unavyotosha. Serini ya 315 iko kando ya ujia unaoelekea kwenye hemu, mahali unapokuwa mwembamba zaidi. Threonini, kwa unene wake, huubana ujia huo. Peroksaidi, iliyo ndogo, huendelea kupita. Isoniazidi, iliyo kubwa kuliko peroksaidi, hupata taabu. Mlinzi anabaki kazini, na mlango umefungwa kwa adui. Hicho ndicho kijidudu ambacho huweza kuenea kutoka mtu hadi mtu kikiwa na usugu wake na nguvu zake pamoja.

Ujuzi huu umefika hospitalini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha vipimo vinavyosoma jeni za kijidudu kutoka katika makohozi ya mgonjwa, na mahali pa 315 katika katG ni miongoni mwa mahali panaposomwa. Jibu lililohitaji wiki nyingi za kuotesha vijidudu sasa huweza kupatikana kwa siku chache.

7. Mafunzo kwa istilahi

Tukirejea kwenye lugha, yako mambo matatu ya kuzingatia.

La kwanza ni neno kimeng'enya. Tukilishika kwa asili yake ya kuvunjavunja, litafaa kwa KatG inapoivunja peroksaidi. Halitafaa kwa InhA, ambacho kazi yake ni kusaidia ujenzi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kimeng'enya kinajenga nta, ana haki ya kushangaa. Wako wanaoona kwamba kwa sababu hiyo neno hili litupwe, tukope jina la kigeni. Sikubaliani nao. Jina la Kigiriki nalo lilisema "ndani ya chachu", wala hakuna Mzungu leo anayedhani kwamba katalasi ya ini hukaa katika chachu. Jina lilibaki, maelezo yake yakapanuka. Nasi tulitunze letu, ila kamusi na vitabu vya shule vieleze wazi: kimeng'enya ni kitu, kwa kawaida protini, kinachoharakisha badiliko la kikemia ndani ya kiumbe hai bila chenyewe kutumika, liwe badiliko la kuvunja au la kujenga.

La pili ni namna ya kuitaja dawa inayomezwa ikiwa imelala. Nimependekezewa "dawa bichi", kwa maana kwamba huiva ndani ya kijidudu. Darasani msemo huo una ladha na hukumbukika. Lakini tukiuandika kwenye karatasi ya mgonjwa, atasema amepewa dawa isiyo tayari, naye huenda akaiacha. Kwa hiyo naona "dawa inayoamshwa" ni bora: hudokeza kwamba nguvu imo tayari, na kwamba yuko wa kuiamsha. Istilahi njema kwa mtaalamu yaweza kuwa mbaya kwa mgonjwa, na mfasiri hana budi kujua anamwandikia nani.

La tatu, lililo zito zaidi, ni neno usugu. Sugu kwa asili ni ile ngozi ngumu inayotokea mahali panaposuguliwa mara kwa mara, kama katika kiganja cha mkulima. Sitiari hiyo ni nzuri, lakini ina mtego. Mkono hupata sugu polepole, ngozi ileile ikigeuka. Kijidudu hakifanyi hivyo. Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha mwaka 1943, kwa kuchunguza bakteria na virusi vinavyowaua, kwamba mabadiliko ya namna hii hutokea kabla ya kukutana na adui. Katika mamilioni ya vijidudu vya mgonjwa mmoja, vichache mno huwa vimekwisha kubadilika kwa bahati. Dawa moja ikitumiwa peke yake, au dawa zikinywewa kwa kurukaruka, vile dhaifu hufa na hivyo vichache hubaki na kuzaana. Hakuna kilichozoea. Kimebaki kilichokuwa tofauti.

Neno usugu tunaweza kuendelea nalo, maana limeenea na ni fupi. Linalopasa kuambatana nalo daima ni mwenye usugu huo: usugu wa kijidudu dhidi ya dawa. Ama "mwili umezoea dawa", usemi huu hatuna budi kuuondoa katika kila andiko la afya. Ubaya wake si wa kisarufi. Mgonjwa anayeamini kwamba ni mwili wake uliozoea hudhani tatizo ni lake peke yake, na kwamba akipumzika kunywa dawa kwa muda mwili utasahau na dawa itafaa tena. Hapo ndipo anapovipa nafasi vile vichache. Tena hataona sababu ya kuwalinda wa nyumbani mwake, kwa kuwa mazoea ya mwili hayaambukizi. Kijidudu chenye threonini mahali pa serini huambukiza, na mtoto atakayekipokea atakuwa na kifua kikuu sugu hata kama hajawahi kumeza kidonge kimoja.

8. Hitimisho

Historia ya KatG inaonyesha kwamba jina hutangulia ujuzi, na hakuna ubaya. Katalasi iliitwa kabla haijaonekana. Hemu ilijulikana kabla haijaeleweka. Ubaya ni kuliacha jina likae palepale wakati ujuzi umesogea. Kazi ya mtunga istilahi haimaliziki siku orodha inapochapishwa. Kila kizazi hakina budi kulirudia neno na kuuliza kama bado linasema kweli.

Swali la muuguzi yule lina jibu sasa. Aliyebadilika ni kijidudu, na mahali pa badiliko lake panajulikana hadi atomi. Kijitabu kilipochapishwa upya, sentensi ile niliiandika hivi: "Ukikatiza dawa, vijidudu visivyouawa na dawa hiyo hubaki na kuongezeka, nawe waweza kuwaambukiza wengine." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, wala haina utamu wake. Lakini mgonjwa anayeisoma anajua ni nani adui yake.